Panga Moja kwa Watu Sita

Niliondoka Kanoni asubuhi moja bila kumwambia mtu naenda wapi, kwa sababu mwenyewe sikujua. Begini nilikuwa na shuka, suruali mbili na redio ndogo isiyo na betri. Panga langu sikulibeba. Nililiacha limeegemea ukuta wa chumba nilichopanga, na jirani akiamka atalichukua, alifanyie kazi yake.

Kuondoka si jambo geni kwangu. Shule niliiacha darasa la sita. Nyumbani hatukuwa na shida kuliko wengine, na akilini sikuwa wa mwisho, ila mbele ya darasa letu kulipita barabara, na barabarani yalipita malori, nami nilitaka kujua yale malori yanalala wapi. Tangu siku hiyo nimechuma kahawa za watu, nimefyatua matofali, nimechunga ng'ombe, nimepakia ndizi kwenye magari yaendayo mjini. Mahali nikishapaelewa, miguu huanza kuniwasha. Lakini asubuhi ile haikuwa miguu. Niliondoka kwa sababu ya kibanja cha bibi mmoja, na kwa sababu ya dada mmoja niliyemwacha abebe lawama yangu kwa siku tisa.

Kibanja ni lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Mtu wa Karagwe anakula humo, anauza humo, anazika humo. Sisi tulikuwa kikundi cha watu sita tuliokwenda kibanja hadi kibanja kufanya kazi: kupalilia, kukata majani makavu, kupunguza machipukizi ili kila shina libaki na mama, binti na mjukuu, kisha kutandaza nyasi. Wenzangu watatu walikuwa vijana wa Rugera, wa nne alikuwa mzee mmoja mcheshi ambaye kofia yake sijaiona ikivuliwa hata kanisani, na wa tano alikuwa yule dada. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye amezaliwa hapa hapa Rugera, anaongea Kinyambo, lugha ya Karagwe, kuliko mimi.

Uongozi nilipewa na bwana shamba. Alikuja kijijini siku moja kutufundisha habari za mnyauko, ule ugonjwa unaoifanya migomba iwe ya njano kana kwamba imemwagiwa maji ya moto, na ndizi zake ukizikata ndani zina kutu. Watu wengine walisikiliza wakaanza kuangalia jua limefika wapi. Mimi niliuliza. Utomvu ule wa njano unatoka wapi? Unakaa kwenye panga muda gani? Nyuki nao wanaubeba? Mwisho bwana shamba akafunga begi lake akasema, "Wewe utawaongoza wenzako, maana naona huna haraka ya kwenda kwako."

Wakacheka. Mimi nililichukua neno lile kwa uzito wake wote. Kwa mara ya kwanza tangu niache shule, nilikuwa najua kitu ambacho wengine walikuwa hawakijui.

Sheria yenyewe haikuwa ngumu. Ukimaliza kukata kwenye shina moja, choma panga kwenye moto mpaka tone la maji likiangukia juu yake lichemke, ndipo uguse shina la pili. Ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, usilikate kwa panga kabisa, livunje kwa kijiti chenye panda. Basi. Mtoto wa miaka kumi angeweza kuishika sheria ile. Lakini mimi nilijiambia kwamba wenzangu wangeisahau, wangeona moto uko mbali wakafuta panga kwenye nyasi, na ugonjwa ungeingia kwa mtu kupitia kikundi changu. Kwa hiyo nikaweka sheria zangu mbili juu ya ile ya bwana shamba. Ya kwanza, panga la kukatia ni moja tu, na la kwangu. Ya pili, anayesema na mwenye kibanja ni mmoja tu, na ni mimi.

Mzee wa kofia alinipa jina siku ileile. "Nyapara," alisema, "tukiumwa na siafu tutajikuna wenyewe, au tukusubiri?"

Nilicheka na wengine. Sikubadilisha kitu.

Kazi yetu ilianza kuonekana ya ajabu kwa mpita njia. Mtu mmoja alikuwa anakata, anakimbilia moto, anachoma panga, anarudi, anakata, na watano walikuwa wamesimama na mikono kiunoni wakingoja machipukizi ya kubeba. Jioni nilikuwa sina mgongo, nao walikuwa wamechoka kwa kusimama, ambako nako kunachosha kwa namna yake. Nilipolala nilijisifu kwamba mimi ndiye niliyefanya kazi.

Siku ninayoisema, asubuhi tulikuwa kwa mtu mmoja wa mtelemkoni ambaye migomba yake mitano ilikuwa na mnyauko. Tuliitoa. Mmoja niliukata zaidi ya ilivyohitajika, kipande baada ya kipande, kwa sababu nilitaka kuona ule utomvu unavyotoka, unavyokuwa mweupe kwanza kisha unageuka njano ukiuangalia. Nilikaa juu yake kama robo saa, na utomvu ukaganda mpaka shingoni mwa panga, karibu na mpini, ambako moto haufiki vizuri. Mchana tukapanda kwa bibi.

Bibi yule anakaa peke yake. Watoto wake wako Bukoba na Muleba, wanafanya kazi za ofisi, wanampigia simu Jumapili. Kibanja chake kilikuwa kizuri kuliko vyote tulivyowahi kuingia, nyasi zimetandazwa mpaka mguu unazama, migomba mirefu, hakuna jani kavu linalogusa jingine. Chakula chake kilitoka pale, na heshima yake pia, kwa sababu kila mtu aliyepata mgeni wa maana alikwenda kuomba mkungu kwake.

Tulipoanza, yule dada akanisogelea. Alikuwa na panga lake mwenyewe ndani ya mfuko wa salfeti. Alilibeba kila siku na kila siku nilimwambia alirudishe mfukoni.

"Kaka," alisema, "yawe mawili. Moja liko motoni, moja liko mkononi mwako. Mimi nakaa na moto. Ukimaliza shina nakupa la moto, unanipa la baridi."

Nilijua kwamba ni sawa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hainiachi. Nilielewa palepale, kwa akili yangu hii inayopenda kuelewa, kwamba alichosema kingemaliza kazi kwa nusu ya muda. Na nikamwambia, "Wewe kusanya machipukizi."

Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Rwanda. Nilikata mistari ya juu vizuri, kila shina na moto wake. Nilipofika mistari ya chini, moto ulikuwa umebaki nyuma, mbali, na hakuna aliyekuwa anautunza kwa sababu sikumpa mtu kazi hiyo. Matone yakaanza. Dada akapita na mzigo kichwani.

"Moto umezimika," alisema.

"Najua."

Alisimama kidogo, kisha akaenda. Nilikata mashina kumi na mawili kwa panga ambalo halikupata moto, huku matone yakiteremka kutoka mpinini. Baada ya kila shina nililifuta kwenye nyasi, kitu kilekile nilichoogopa wenzangu wangekifanya. Nilijiambia kwamba tangu asubuhi limechomwa mara nyingi, haliwezi kuwa na kitu. Bibi alitutolea chai, tukamshukuru na kumuaga, na mvua ikanyesha.

Wiki ya nne akatuita. Hakumtuma mtu, alipiga simu mwenyewe. Tulipofika alikuwa amesimama mistari ya chini akiwa ameshika jani, na jani lilikuwa njano, limeinama katikati kama mtu aliyepigwa tumboni. Nilihesabu kwa macho. Yalikuwa mashina saba. Yote yalikuwa miongoni mwa yale kumi na mawili.

"Shikamoo, bibi," tulisema.

"Marahaba." Alikuwa hatutazami. "Nimekaa hapa tangu nilipoolewa. Kitu hiki hakijawahi kuvuka mlango wangu."

Kisha akamwangalia yule dada, akaangalia mfuko wake wa salfeti, ambamo mpini wa panga ulikuwa unachungulia.

"Kwenu Rugera mwaka jana mliugua mnyauko," akasema. "Mlifukia shamba zima. Na siku ile ulikuja na panga lako. Nililiona."

"Bibi, mimi sikukata hata chipukizi moja," dada alisema.

"Nani kasema umekata? Nimesema nililiona panga."

Wenzangu wote wanne walijua ni nani aliyekata. Walijua hata moto ulizimika, kwa sababu dada alikuwa ameusema kwa sauti. Hawakumtazama bibi, walinitazama mimi. Mdomo wa kikundi ulikuwa wangu. Niliupigania mwenyewe, niliwakataza kusema mbele ya mwenye kibanja, na sasa walikuwa wananingojea nifanye kazi niliyowanyang'anya.

Nikasema, "Tutaliangalia jambo hili, bibi."

Ni maneno ya mtu wa ofisini. Sijui niliyatoa wapi. Dada aliinamisha kichwa, akaurudisha mpini ndani ya mfuko, na akaubeba mfuko ule kifuani mpaka tulipofika barabarani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Kazi sikuwahi kumgawia, lakini lawama nilimgawia siku hiyo bila kuombwa.

Habari ilishuka mlimani haraka. Siku ya pili mtu mmoja aliniambia twende kwake, ila tusije na yule mwanamke. Siku ya nne mwingine akasema hivyohivyo, akaongeza kwamba hao watu wa ng'ambo hawajui migomba. Nilimjibu kwamba amezaliwa hapa. Nilijibu hilo tu. Ilikuwa rahisi kutetea alikozaliwa kuliko kutetea alichofanya, maana la pili lingenifikia mimi. Tukaenda watano. Nikakata peke yangu kama kawaida, na moto niliuwasha mkubwa kuliko wa kuchomea nguruwe, na hakuna aliyefanya utani.

Siku ya sita nilimkuta dada kisimani. Tuliamkiana. Nilitaka kusema, nikaanza kuuliza habari za watoto.

"Wazima," alisema. "Kaka, mimi sihitaji unipe pole. Nina watoto watatu na sina kibanja. Nakula kwa kuitwa kazini."

Alijitwika ndoo, akaenda.

Ilinichukua siku tatu zaidi. Watu husema dhamiri inamnyima mtu usingizi. Mimi nililala vizuri tu, na ndiyo maana najiona mbaya zaidi. Aliyenitoa kitandani siku ya tisa alikuwa mzee wa kofia, aliyekuja mlangoni asubuhi akiwa na wale vijana watatu nyuma yake.

"Nyapara," alisema, "leo tunakwenda kwa bibi. Ama useme wewe, ama niseme mimi. Mimi nitasema vibaya, maana nina hasira na meno yamebaki machache."

Tulimpitia dada. Alikuja bila kuuliza.

Bibi alikuwa amekaa barazani na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo mgeni hupewa kabla ya neno lolote. Alichota akanipa mimi kwanza kwa sababu mimi ndiye mkubwa wa kikundi. Sikuzipokea. Kukataa kahawa ya mwenye nyumba ni kama kumtukana, na bibi akaacha mkono wake hewani.

"Waitu," nilisema, nikimwita kwa heshima ya Kinyambo, "panga lilikuwa langu. Asubuhi ya siku ile nilikata migomba yenye mnyauko kwa jirani yako. Hapa kwako moto ulizimika na mimi nikaendelea. Mashina kumi na mawili. Huyu dada aliniomba akae na moto, nikamkatalia. Panga lake halikutoka mfukoni."

Bibi alizirudisha kahawa kikapuni, moja moja.

"Siku ile niliposema," aliuliza, "ulimi ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, bibi."

Kuku walipita kati yetu. Kisha bibi alichota kahawa upya, akanyoosha mkono kwa dada, na dada akazipokea kwa mikono miwili. Bibi hakumwomba radhi kwa maneno. Alimwambia, "Mashina yatolewe leo. Wewe ndiye utakayeniambia yanatolewaje."

Hivyo ndivyo nilivyoona kikundi changu kikifanya kazi kwa mara ya kwanza. Dada aligawa kazi akiwa bado anatafuna. Kijana mmoja akate kwa mapanga mawili, la dada na langu, moja likiwa motoni jingine likiwa kazini. Wawili wachimbe shimo na kuburuta. Mzee wa kofia apite kibanja kizima na kijiti chake akivunja maua dume. Bibi mwenyewe akapewa kazi ya kuonyesha mashina aliyoyatilia shaka, kwa sababu anayajua kama anavyojua watoto wake.

"Na mimi?" niliuliza.

"Moto."

Nikakaa na moto. Ni kazi inayotaka macho, si nguvu, na nilikuwa na nafasi ya kutazama. Kijana alikuwa anakata vizuri kuliko mimi, chini kabisa, mkato mmoja. Hakuna aliyesahau. Hakuna aliyefuta panga kwenye nyasi. Mara tatu nilishindwa kujizuia, nikapaza sauti kwamba akate chini zaidi, shimo liongezwe kina, nyasi zisogezwe. Mara ya tatu mzee wa kofia alipita na kijiti chake.

"Nyapara, moto wako unapoa," alisema.

Ulikuwa unapoa kweli.

Saa saba mchana tulikuwa tumemaliza. Mimi peke yangu ningekuwa nimefika shina la tatu. Bibi alisimama kwenye ile sehemu iliyobaki wazi, jua linaingia mahali ambapo halikuingia tangu aolewe, na akafunika macho kwa kiganja. Sidhani kama alikuwa analia. Mwanga ulikuwa mwingi.

Baada ya hapo nilikaa Kanoni wiki moja zaidi, na kila siku nilikwenda kazini chini ya dada, na kila siku nilikuta mdomo wangu uko mbele yangu. Nilisahihisha vitu visivyo na kosa. Mtu akimuuliza yeye, nilijibu mimi. Mchana wa mwisho nilimwomba tukae kwenye mawe nyuma ya kanisa, nikamweleza yote niliyokuwa nimeyaweka kichwani: nani anataka palizi lini, mbwa wa nani anauma, kibanja gani kina mstari wa mpaka unaogombewa usiguswe, mama gani hasemi shida yake mpaka umeondoka. Ilichukua muda mrefu. Alisikiliza bila kuandika, akarudia yote, akakosea moja tu.

"Haya yote ulikuwa unayabeba peke yako kwa nini?" aliuliza.

"Nilidhani yatamwagika."

"Na kesho uko wapi?"

Nikasema sijui. Alinitazama kama anayepima kama ninamkabidhi au ninamtupia. Sikuweza kumsaidia, kwa maana hata mimi nilikuwa sijui, na bado sijui vizuri. Anayekabidhi kazi hukaa karibu, akaulizwa. Anayetupa huondoka asubuhi mapema. Mimi niliondoka asubuhi mapema.

Nilitembea mpaka jua likawa kali, nikapata bodaboda mpaka njiapanda ya Omurushaka, na pale nikasimama nikitazama magari. Moja lilikuwa limepakia mabati, linaelekea Kyerwa, na dereva alikuwa na nafasi. Hiyo ndiyo ilikuwa mipango yangu. Njiani alinieleza namna mabati yanavyofungwa yasipeperuke, nikauliza, akaeleza zaidi, na kwa nusu saa nilisahau. Halafu tukapita kibanja kimoja kilichoachwa, migomba yote njano mpaka barabarani, na nikakumbuka.

Aliniteremsha Kimuli saa tisa. Nilinunua chapati, nikauliza chumba. Walinielekeza kwa mama mmoja mwenye duka la vitu vidogo, aliyekuwa ameanika kahawa kwenye turubai mbele ya nyumba na anaigeuza kwa miguu, akitembea polepole mistari mistari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chumba kipo, ila kina magunia. Unafanya kazi gani?"

Nilikuwa nafungua mdomo simu ikaita. Alikuwa dada. Nikamwomba yule mama radhi, nikasogea pembeni.

"Mashina mengine mawili yamegeuka njano," alisema bila salamu. "Yale ya bibi, karibu na kaburi la mume wake."

"Leo mmeyatoa?"

"Hapana. Bibi amesema anataka watoto wake wajue kwanza. Nimempa mpaka Jumatatu. Nimeyazungushia kamba, hakuna atakayeingia."

Jumatatu ilikuwa mbali. Ningekuwa mimi, ningeyatoa mchana uleule, bibi alie asilie. Nilijua sababu zote, nilikuwa nazo kwenye ulimi zimepangana, utomvu, nyuki, mvua. Upande wa pili nikasikia mzee wa kofia nyuma ya dada akimtania mtu kuhusu nyasi.

"Sawa," nilisema.

"Sikukupigia kuuliza," alisema. "Nimekupigia ujue. Na yule mtu aliyesema watu wa ng'ambo hawajui migomba ameniita kesho, mimi na wenzangu." Kisha akauliza, "Umekula?"

"Nimekula."

Akakata. Nilibaki na simu mkononi, na mambo yote ambayo sikuyasema, mengine pengine ya kweli. Yale mashina mawili nayo yalikuwa yangu, hata yakitolewa na mikono ya nani, siku yoyote.

Mama wa chumba alikuwa amefika mwisho wa mstari wake wa kahawa. Aliingia dukani akatoka na ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha kandambili.

"Mlango unasukumwa kwa bega," alisema. "Utakaa siku ngapi?"

Nikamwambia sijui, ila magunia nitayapanga vizuri. Akasema niyaache yalivyo, ana mtu wake wa kuyapanga. Nikasukuma mlango.